Injinia Bora Huanzia Mtaroni

Ingia katika darasa lolote la shule yetu uulize ni nani angependa kuwa mhandisi, na mikono itainuka hata ya wale waliokuwa wamesinzia. Waulize tena wangependa kujenga nini. Utaambiwa ghorofa arobaini, uwanja wa ndege, daraja la kuning'inia, au barabara ya juu kwa juu kama ile ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 2022, yenye urefu wa kilomita 27. Sijapata kumsikia hata mmoja akisema, "Mimi nataka kujenga mtaro." Akithubutu atachekwa hadi kengele ya chakula cha mchana ilie.

Mimi leo nimekuja kuutetea mtaro. Ndugu msomaji, usifungue ukurasa wa vichekesho bado! Maoni yangu ni haya: katika nchi yetu mhandisi wa ujenzi husifiwa kwa kitu kinachoonekana toka mbali, ilhali kinachoifanya kazi yake idumu ni vitu vidogo vilivyo chini ya miguu yetu, yaani mtaro, kalvati, mgongo wa barabara na msingi wa nguzo ya daraja. Kwa maneno mengine, ni pale maji yanapopita. Mhandisi asiyeyauliza maji njia yao kabla ya kuchora ramani yake amejenga kitu cha kukatia utepe tu, na utepe ukishakatwa maji huja kudai haki yao.

Watu wengi hudhani kwamba adui mkubwa wa barabara ni lori. Si kweli. Udongo mkavu ulioshindiliwa vizuri hubeba lori la mawe bila kunung'unika, lakini udongo uo huo ukilowa huwa kama uji, na lori linalopita juu yake humaliza tu kazi ambayo maji yalikwisha kuianza. Lami nayo ni kama koti la mvua, kazi yake moja kubwa ni kuyazuia maji yasifike chini. Koti likitoboka mahali padogo, maji hupenya, gurudumu hukandamiza, na baada ya masika mawili pale penye ufa wa unene wa uzi pana shimo la kuogeshea mbuzi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi tukitafuta alama, lakini siku hizi nafikiri aliyeitunga alikuwa fundi wa kweli, tena fundi aliyekwisha kuona hasara.

Ndiyo maana barabara nzuri haiwi bapa kama meza. Huwa na mgongo, imeinuka katikati na kuteremka pande zote mbili, ili maji yasipate nafasi ya kukaa. Kutoka mgongoni maji huingia mtaroni, kutoka mtaroni hufika kwenye kalvati, na kalvati huyavusha upande wa pili yaendelee na safari yao ya zamani. Nasema ya zamani kwa sababu maji yalikuwapo kabla ya barabara. Barabara, ukiitazama vyema, ni ukuta mrefu uliolazwa juu ya nchi, nao hukata kila kijito na kila bonde. Kila inapokata bonde mhandisi anadaiwa jibu: haya maji nitayapitisha wapi?

Kwetu Kitui tuliyaona hayo kwa macho yetu. Barabara ya murram inayotoka sokoni hadi kijijini petu ilikuwa mbovu kwa miaka mingi, basi ilipoletwa greda watoto walikimbia nyuma yake wakishangilia kana kwamba ni sarakasi. Mwanakandarasi alifanya kazi siku nane. Barabara ikang'aa! Ikawa nyekundu, pana, laini, mtu angeweza kulala. Wazee wakapiga makofi, mheshimiwa mmoja akaja akahutubu. Lakini ukitazama vizuri ungeona kwamba lile greda lilikuwa limekwangua mgongo wote, barabara imekaa kama sahani, na udongo uliokwanguliwa umesukumwa mtaroni. Makalvati mawili yalifukiwa kabisa. Katika siku zile nane mimi nilimwona dereva wa greda, nikamwona karani mwenye mwavuli, nikawaona askari wawili wa kulinda dizeli. Injinia sikumwona. Huenda alikuwapo, lakini kwenye karatasi.

Mvua za Novemba zikaja. Barabara iligeuka mto katika usiku mmoja. Maji yaliyokuwa yakienda kwa njia tano yalikusanyika yakawa mkondo mmoja, ukashuka kwa kishindo mpaka kwenye kona, ukaruka kingo na kuingia katika shamba la ndengu la nyanya yangu. Uliondoka na ndengu na udongo wenyewe, ukabaki mwamba mtupu mweupe kama mfupa. Nyanya alisimama akatazama, kisha akaniuliza, "Hawa watu walituletea barabara ama walituletea mto?" Sikuwa na jibu. Matatu zilikataa kupita kwa majuma matatu. Mwenzetu mmoja wa kidato cha nne, ambaye hakai bweni, alikosa karatasi mbili za mtihani wa majaribio kwa sababu kule kwao bonde lilikuwa halivukiki. Mwanafunzi huyo hakuwa mvivu wala mtoro. Alizuiwa na kalvati lililofukiwa na mtu aliyelipwa kutengeneza barabara.

Sasa, mtu aweza kusema kwamba hayo ni ya kijijini, ni madogo. Hebu tuende Mai Mahiu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliporomoka kutoka upande wa Kijabe yakazoa nyumba, magari na watu waliokuwa wamelala. Zaidi ya watu 50 walikufa. Mwanzoni kila mtu alisema ni bwawa lililopasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba lilikuwa ni handaki la kupitishia maji chini ya tuta la reli, ambalo lilikuwa limezibwa na magogo, mawe na udongo. Maji yalijaa nyuma ya tuta kama yaliyo katika bakuli, yakazidi nguvu, yakapasua. Yaani hapakuwa na bwawa lililochorwa na mtu yeyote. Tundu lililoziba ndilo lililotengeneza bwawa.

Tarehe hiyohiyo, 29 Aprili, lakini mwaka wa 2016, jengo la ghorofa liliporomoka mtaa wa Huruma jijini Nairobi mvua ikinyesha, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Jengo hilo lilikuwa limesimamishwa kando ya mto, na wakuu wa serikali walisema halikuwa na kibali. Mikasa hii miwili haifanani kwa mengi. Inafanana kwa mwezi, kwa masika, na kwa jambo moja zaidi: mahali pa maji palikuwa pamechukuliwa, na hakuna aliyekwenda kutazama.

Kuna jambo ambalo ningependa wenzangu wa hesabu wanisikilize kwa makini, maana linatufaa hata katika mtihani. Wahandisi wanapopima ukubwa wa daraja husema, kwa mfano, litahimili "mafuriko ya miaka 50". Wengi wetu tukisikia hivyo hudhani kwamba mafuriko makubwa yakija mwaka huu basi tumepona, yatarudi baada ya nusu karne. La hasha! Maana yake ni kwamba kila mwaka uwezekano wa mafuriko ya kiwango hicho au zaidi kutokea ni 1 kwa 50, yaani 0.02. Uwezekano wa kuponea mwaka mmoja ni 0.98. Uwezekano wa kuponea miaka 50 mfululizo ni 0.98 kwa kipeo cha 50, ambayo ni kama 0.36. Toa hiyo kwenye moja, unabaki na 0.64. Basi daraja lililojengwa kwa mafuriko ya miaka 50, likisimama miaka 50, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuzidiwa kuliko wa kutozidiwa. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilidhani kikokotoo kimeharibika. Tena hapo tumechukulia kwamba mvua za kesho zitafanana na za jana, ilhali tuliopitia mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, yakifuatana bila hata kutupa nafasi ya kukausha magodoro, tuna haki ya kulitilia shaka jambo hilo.

Kwa hiyo mhandisi mwenye busara haishii kuuliza kama daraja litazidiwa. Huuliza siku likizidiwa litafanyaje. Je, maji yatapita juu yake kwa utulivu na kesho yake magari yavuke, au yatachimba kando ya nguzo na kuondoka na udongo wa pande zote mbili, likabaki daraja zima limesimama peke yake katikati ya mto kama ng'ombe aliyepotea? Madaraja ya namna hiyo yapo. Zege lake halina hata ufa, lakini hakuna wa kulipanda.

Hapa Ukambani tuna vile vivuko vya zege vilivyolazwa chini mtoni, tunavyoviita drifti. Drifti si kitu kibaya. Ni rahisi kujenga, na imekusudiwa maji yapite juu yake saa chache kwa mwaka huku watu wakingoja. Ubaya huja pale watu wasipoweza kungoja, au wasipojua maji yana kina gani. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limewabeba wanakwaya na wengine waliokuwa wakienda arusini lilisombwa kwenye mto Enziu, kule Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa wengine wakitazama kutoka ukingoni bila uwezo wa kuwasaidia. Ukambani hakuna asiyejua mtu aliyemjua mmoja wao. Yalisemwa mengi juu ya dereva. Mimi sina la kuongeza juu yake, ila nasema hivi: mtu anapoamua kwamba barabara fulani itavuka mto kwa drifti na si kwa daraja, ameamua pia ni nani atakayengoja ukingoni, na kwa saa ngapi, na je akiwa na arusi, akiwa na mama anayejifungua, akiwa na mtihani? Uamuzi huo hauwezi kuwa wa pesa peke yake. Daraja lilianza kujengwa pale Enziu baada ya vifo hivyo. Baada, si kabla.

Neno "endelevu" limekuwa wimbo wa kila mtu anayekabidhiwa kipaza sauti. Maendeleo endelevu, miundombinu endelevu, hata juzi nimesikia pilau endelevu (huyo alikuwa akituchekesha). Kwangu mimi kitu endelevu ni kile kinachoendelea kuwahudumia watu baada ya waliokizindua kwenda zao, ambacho wenyeji wanaweza kukitunza kwa mfuko wao, na ambacho hakijengwi kwa kula akiba ya watoto watakaozaliwa.

Tulipozuru Gede mwaka jana na chama chetu, wengi walipiga picha msikitini na kwenye kasri. Mimi nilipotelea visimani na vyooni, na wenzangu walinicheka sana ndani ya basi. Lakini tazama: mji ule uliohamwa karne ya 17 ulikuwa na visima virefu vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ulikuwa na vyoo na mifereji ya kuondoa maji. Wajenzi wa pwani hawakuwa na shahada, lakini walijua kwamba mji haukai bila kuamua kwanza maji safi yatatoka wapi na maji machafu yataenda wapi. UNESCO iliitia Gede katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2024. Na Ngome ya Yesu kule Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, mpaka leo imesimama, ila watu hawakuiacha hivihivi wakitumaini mawe yake. Mawimbi yalipoanza kuula mwamba ulio chini yake, ilibidi ijengewe ukuta upande wa bahari.

Nikirudi kwetu bara, kuna kazi moja ya uhandisi ambayo naihusudu kuliko barabara zote za juu kwa juu. Ni bwawa la mchanga. Wageni hulitazama wasilione, kwa maana halina ziwa wala mashua. Mito yetu, kama mjuavyo, hutiririka siku chache tu kisha hukauka. Basi watu hujenga ukuta wa mawe na zege katika mto mkavu, juu ya mwamba. Mvua ikija, mto huleta mchanga na kuuangusha nyuma ya ukuta mpaka unajaa. Maji nayo hujificha ndani ya mchanga, katikati ya chembe na chembe. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawazai humo, na mchanga wenyewe huyachuja. Kiangazi kikiwa kikali, mama huchimba kidogo tu kwa kibuyu akapata maji, au huvuta kwa pampu. Mabwawa kama haya yamejengwa kwa mamia hapa Kitui, Makueni na Machakos, na mengi yalijengwa kwa mwethya, yaani watu wa kijiji wakikusanyika kubeba mawe na mchanga kwa zamu, mafundi wakiongoza.

Lakini msidhani kwamba bwawa la mchanga ni ukuta tu. Hapa ndipo ujuzi wa mhandisi unapohitajika. Ukuta usipoketi juu ya mwamba, maji hupenya chini yake na kuuacha ukining'inia. Mabawa yake yasipoingizwa ndani ya kingo kwa kutosha, mto huukwepa ukachimba njia mpya kando, na kijiji kinabaki na ukuta mkavu uliogharimu jasho la miezi. Ukichagua mahali ambapo mto huleta matope badala ya mchanga, umejenga bwawa la tope. Mhandisi anayekaa na wazee na kuwauliza mwaka ule wa mvua kubwa mto ulifika mti upi anapata ushahidi ambao hauko katika faili lolote la Nairobi.

Na sasa nitaje jambo linalonichoma. Zege la ghorofa zile tunazoziota darasani hutengenezwa kwa saruji, mchanga, kokoto na maji. Fundi wa mtaani hupima karai moja la saruji, mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Mchanga huo haushuki kutoka mbinguni. Malori huja mitoni kwetu, mara nyingi usiku, hujaza na kwenda mjini. Mchanga ukiondoka maji huondoka nao, maana ndio uliokuwa mtungi wake. Mto hushuka chini, visima vya kando hukauka, na nguzo za madaraja hubaki miguu wazi, msingi nje. Makueni walitunga sheria ya kuuhifadhi mchanga mwaka wa 2015, na jambo hilo lilizua ugomvi mkubwa, kwa maana kuna vijana waliokuwa wakipata riziki kwa kupakia malori. Siwalaumu vijana hao kama ninavyomlaumu mwenye ghorofa asiyeuliza mchanga wake umetoka wapi. Mchanga unaosagwa kwa mashine kutoka kwenye mawe upo na unaweza kutumika. Mhandisi ndiye anayeandika katika karatasi zake ni mchanga gani utumike. Kalamu yake peke yake inaweza kuokoa mto ambao hajawahi kuuona.

Mwalimu mmoja aliposoma maoni haya kabla hayajachapwa aliniuliza, "Mwanangu, hilo kosa ni la injinia ama ni la mwanasiasa na mkoba wake?" Ni swali la haki. Najua kwamba mhandisi haamui bajeti. Najua pia kwamba zipo shinikizo. Daraja la Sigiri, kule Budalang'i juu ya mto Nzoia, lilianguka Juni 2017 kabla halijakamilika, kiasi cha majuma mawili baada ya Rais wa wakati huo kulizuru, na uchaguzi ukiwa umebakiza majuma sita. Mimi sisemi siasa ndiyo iliyoliangusha. Nasema tu kwamba zege lina siku zake za kukomaa na halijui kalenda ya uchaguzi, na anayepaswa kulisema hilo mbele ya wakubwa ni yule mwenye ujuzi. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 haimruhusu asiyesajiliwa kujiita mhandisi wa taaluma wala kuifanya kazi hiyo. Kama jina hilo linalindwa na sheria namna hiyo, basi liwe na uzito wa kusema "hapana" pia. Daktari akilazimishwa kumpasua mgonjwa kwa haraka ili picha ipigwe, tutamtaka akatae.

Kuhusu pesa, jamani, tusidanganyane. Tangu sheria ya mwaka 1993, kila anayenunua petroli au dizeli hutozwa ushuru wa kutengenezea barabara, na tangu Julai 2024 ushuru huo umekuwa shilingi 25 kwa kila lita. Yule mwendesha bodaboda anayenileta shuleni nikichelewa ameulipia mtaro ule uliofukiwa. Ameulipia leo, ataulipia kesho. Haki yake ni kuuona ukizibuliwa.

Tena dawa yenyewe si ngeni, nchi hii imewahi kuitumia. Mwaka wa 1974 serikali ilianzisha mpango wa barabara za mashambani ambao ulitegemea majembe, makarai na mikono ya wenyeji kuliko mashine. Barabara ikiisha kujengwa, mtu mmoja anayeishi karibu nayo alipewa kipande chake, kama kilomita mbili hivi, akilipwa kwa kuzibua mitaro na makalvati na kuziba mashimo yakiwa bado madogo. Hakuhitaji greda. Alihitaji jembe, sururu, na mhandisi wa kupita mara kwa mara kumkagua. Mtu huyo aliijua barabara yake kama mkulima anavyojua shamba lake. Siku hizi tunangoja barabara ife kabisa ndipo tuiletee mashine za mamilioni, na wakati huohuo vijana wamekaa sokoni. Nami ninamfahamu mtu mwenye shahada ya uhandisi anayeuza vifuniko vya simu mjini, mtu mwerevu kupindukia. Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi. Hapa kwetu miti ipo na wajenzi wapo, ila hawajakutanishwa.

Basi nina ombi kwa wenzangu wanaoinua mikono, na hasa kwa wasichana, maana nilipotaja mtaro katika mjadala wa kidato cha tatu niliambiwa ati hiyo ni kazi ya wanaume wachafu. Anayechota maji kila jioni kwetu ni nani? Aliyepoteza shamba la ndengu ni nani? Mtu anayejua njia za maji tangu utoto amekwisha kusoma nusu ya somo hilo. Iliyobaki ni hesabu na fizikia, na hizo tunafundishwa hapa bila kubaguliwa.

Na tusingoje hadi chuo kikuu. Chama cha Jiografia kina kipimamvua ambacho kimekaa stoo kikikusanya buibui. Kitolewe, kiwekwe uwanjani, na kila asubuhi mtu mmoja aandike kiasi cha mvua daftarini. Chama chetu nacho kiandike barua, kwa Kiswahili fasaha chenye tarakimu, kwa ofisi inayohusika na barabara inayopita langoni petu, kuieleza hali ya kila kalvati kuanzia sokoni hadi hapa. Nimekwisha kuanza kuyahesabu. Yako kumi na moja. Manne yako wazi, matano yamejaa nusu, mawili hayaonekani tena, ila mzee mmoja mwenye duka alinionyesha yalipo kwa fimbo yake. La langoni petu lina kipenyo cha sentimita 60. Nililipima Jumamosi iliyopita kwa rula ya ubaoni, na mchanga umepanda hadi sentimita 41. Mwalimu wa zamu ameahidi kututolea majembe sita siku ya Ijumaa baada ya masomo. Wanaotaka kuja waandike majina yao kwa katibu wa chama.